Kuiona Mishipa Iliyofichika: Historia ya Utafiti wa Kasoro za Mishipa ya Damu ya Ubongo

Kasoro za mishipa ya damu ya ubongo ni maumbile yasiyo ya kawaida ya mishipa inayoingiza damu kwenye ubongo na kuitoa. Katika ubongo wenye afya, damu huingia kwa ateri ikiwa na msukumo mkubwa, kisha hupenya kwenye kapilari, vijishipa vyembamba kuliko unywele. Humo ndimo mwendo wake unamopungua na oksijeni kupata nafasi ya kuingia kwenye tishu. Baada ya hapo damu hukusanywa na vena na kurudi moyoni ikiwa imetulia. Katika kasoro iliyochunguzwa kuliko zote, ambayo madaktari huiita AVM, kapilari hazipo. Ateri na vena zimeunganika moja kwa moja kupitia fundo la mishipa iliyosokotana, na vena zenye kuta nyembamba hubebeshwa msukumo ambao hazikuumbiwa. Hutanuka mwaka hadi mwaka, na baadhi hupasuka.

Ziko aina nyingine. Kavernoma ni mkusanyiko wa vifuko vidogo vya damu inayotembea polepole, vilivyobanana kama vijipunje vya tunda la forosadi, na huvuja kidogo kidogo. Kasoro ya mshipa wa Galen huwapata watoto wachanga. Damu inayopita humo ni nyingi kiasi cha kuuchosha moyo wa mtoto mapema, wakati mwingine kabla ubongo haujaonyesha dalili yoyote. Anurisimu ni ugonjwa tofauti, kwa kuwa hapo ukuta wa ateri umedhoofika na kututumka, ingawa mara nyingine huandamana na AVM.

Dalili za kasoro hizi zinafanana na za magonjwa mengine, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Mtu huanguka kifafa akiwa na umri wa miaka 20 ilhali hakuwahi kuugua kifafa utotoni. Mwingine hushikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, hutapika, mkono na mguu wa upande mmoja hulegea, na baadaye hupoteza fahamu. Kiharusi cha shinikizo la damu huwapata zaidi wenye umri mkubwa, lakini AVM hupasuka mara nyingi kwa vijana na watu wa makamo. Katika kijiji kama Kumsenga, wilayani Kibondo, au katika vijiji vya Kasulu vilivyo kwenye nyanda hizohizo za Kigoma, mambo hayo yameonekana vizazi na vizazi na kuitwa kifafa, kiharusi, au mkono wa mtu. Kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya nao hawakuwa na maelezo bora zaidi, kwa sababu hakuna aliyeweza kuiona mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai. Historia ya utafiti huu kwa sehemu kubwa ni historia ya kutafuta njia ya kuiona.

Zama za uchunguzi wa maiti

Muungano usio wa kawaida kati ya ateri na vena ulielezwa kwanza mkononi. Katikati ya karne ya 18, daktari William Hunter wa London aliwachunguza watu waliotolewa damu kwenye kiwiko, tiba iliyokuwa ya kawaida wakati huo. Kisu kilikuwa kimeitoboa vena na kufika kwenye ateri iliyo chini yake, na kidonda kilipopona mishipa hiyo miwili ilibaki imeunganika. Hunter aliweka kidole juu ya ngozi akasikia mtetemo, akaona vena imevimba na kupiga kama ateri. Kwa uchunguzi huo alieleza jambo ambalo halijabadilika hadi leo: damu ikipata njia ya mkato huifuata, na vena ndiyo inayoumia.

Kasoro za ndani ya fuvu zilisubiri miaka 100 zaidi. Rudolf Virchow, mwanapatholojia wa Kijerumani, alizichunguza kwa hadubini katika miaka ya 1850 na 1860 kutoka kwenye maiti, akazipanga kwa aina na kuzitofautisha na uvimbe wa saratani. Mwaka 1889 Jules Péan, daktari mpasuaji wa Paris, alimfungua fuvu kijana aliyekuwa akipata degedege la upande mmoja wa mwili, akaikuta mishipa iliyosokotana na kuiondoa. Mgonjwa alipona. Lakini Péan alifika pale kwa kufuata dalili za mwili tu, na kabla ya kufungua fuvu hakuwa na njia ya kujua atakutana na nini.

Ugunduzi wa miale ya eksirei uliofanywa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895 haukuleta mabadiliko makubwa kwa ubongo. Miale ilionyesha mfupa wa fuvu, ilhali ubongo na mishipa yake ilipitwa bila kuacha kivuli.

Lisbon, 1927

Mtu aliyekivuka kizingiti hicho ni António Egas Moniz, mtaalamu wa magonjwa ya mishipa ya fahamu wa Lisbon, Ureno. Wazo lake lilikuwa kuijaza mishipa dawa inayozuia miale ya eksirei, kisha kupiga picha haraka kabla dawa haijasombwa na damu. Alianza kwa maiti na kwa mbwa. Mikono yake ilikuwa imeharibiwa na jongo, kwa hiyo kazi ya kuchoma sindano ilifanywa na mwanafunzi wake Pedro Almeida Lima, ambaye alipasua ngozi ya shingo, akaitafuta ateri na kuingiza dawa moja kwa moja. Wagonjwa wa kwanza walipewa mchanganyiko wa stronti na bromini. Picha hazikutoka vizuri, na mmoja wao alifariki. Moniz alisimamisha kazi, akabadilisha dawa na kutumia chumvi ya iodini, akaanza upya. Tarehe 28 Juni 1927 picha ilitoka: ateri za ubongo wa mtu aliye hai zilionekana zikitawanyika kama zilivyo.

Njia hiyo iliitwa angiografia, na hadi leo ndiyo kipimo cha mwisho cha AVM. Kinachotafutwa kwenye picha ni wakati. Katika ubongo wa kawaida ateri hujaa kwanza, na vena huonekana sekunde chache baadaye, dawa ikishapita kwenye kapilari. Vena ikijaa mapema, pamoja na ateri, ni dalili kwamba damu imepita njia ya mkato.

Mwaka uliofuata, 1928, madaktari bingwa wawili wakubwa wa Marekani walitoa maandiko yao. Harvey Cushing, akishirikiana na Percival Bailey, na Walter Dandy kwa upande wake, walieleza wagonjwa waliowafungua fuvu na kukuta AVM. Maelezo yao yalikuwa ya kukatisha tamaa: mishipa ilitoka damu bila kuzuilika, na Cushing aliona kwamba kujaribu kuiondoa ni hatari kuliko kuiacha. Herbert Olivecrona wa Stockholm ndiye aliyebadili fikra hizo. Mwaka 1932 aliiondoa AVM nzima kutoka kwenye ubongo wa nyuma, na kufikia mwaka 1948 yeye na wenzake walikuwa na wagonjwa wa kutosha kuonyesha kwamba kazi hiyo yawezekana, mradi mpasuaji aone kwa angiografia kila ateri inayoingia kwenye fundo na azifunge hizo kwanza kabla ya kuigusa vena inayotoa damu.

Kwenye nyanda za juu za Kigoma, miaka hiyohiyo ya 1930 ilikuwa ya vita dhidi ya ugonjwa mwingine wa ubongo. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwahamisha Waha wengi, hasa wa upande wa Kibondo, kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika porini na kuwakusanya katika makazi mapya ili kuwatenga na mbung'o waenezao malale. Madaktari walipapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba, wakachukua damu na maji ya uti wa mgongo na kuyatazama kwa hadubini. Tiba ya ubongo ilikuwa imefika Buha, nchi ya Waha, kwa ajili ya ugonjwa ambao vimelea vyake vingeweza kuonekana. Aliyeanguka kifafa au kupooza kwa sababu nyingine hakuwa na kipimo. Aliuguzwa na ndugu zake, na akifariki alizikwa na chanzo cha ugonjwa wake.

Hadubini, mipira na mionzi

Kati ya miaka ya 1950 na 1970 njia za kuona na za kutibu ziliongezeka kwa kasi. Mwaka 1953 Sven Ivar Seldinger, daktari kijana wa Stockholm, alibuni mbinu ya kuingiza katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye ateri bila kupasua. Sindano hutoboa ateri ya kinena, waya laini hupitishwa ndani ya sindano, sindano hutolewa, na katheta huteleza juu ya waya. Kutoka kinenani katheta hupanda kwa kufuata aota hadi kwenye mishipa ya shingo. Mgonjwa huwa macho, amepigwa ganzi mahali pa sindano tu, na dawa inapoingia husikia joto likipanda usoni.

Mwaka 1960 Alfred Luessenhop na William Spence wa Washington waliachia vidonge vidogo vya plastiki katika ateri ya shingo ili damu yenyewe ivipeleke kwenye fundo la AVM na kuliziba. Fedor Serbinenko wa Moscow alitengeneza katheta zenye puto dogo nchani, ambalo lingeweza kujazwa na kuachwa ndani ya mshipa, na mwaka 1974 matokeo yake yalijulikana duniani. Baadaye zikaja gundi za kitabibu zinazoganda ndani ya mshipa, na mwaka 1991 Guido Guglielmi, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Los Angeles, alitangaza nyuzi laini za platini zinazojisokota na kujaza anurisimu.

Chumba cha upasuaji nacho kilibadilika. Gazi Yaşargil, daktari wa asili ya Uturuki aliyefanya kazi Zürich, alijifunza kushona mishipa midogo chini ya hadubini akiwa Burlington, Marekani, na kuanzia mwaka 1967 aliifanya hadubini kuwa kifaa cha kila siku cha mpasuaji wa ubongo. Mishipa iliyokuwa ikikatwa kwa kukisia sasa ilifuatwa mmoja mmoja. Stockholm nako, Lars Leksell alikuwa amefikiria tangu mwaka 1951 kutumia miale mingi dhaifu inayokutana mahali pamoja. Mtambo wake, Gamma Knife, ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1970 ulitumika kwa AVM. Miale hiyo huzifanya kuta za mishipa zinenepe polepole hadi fundo lizibe lenyewe, kazi inayochukua miaka 2 hadi 3. Muda wote huo mgonjwa bado anaweza kuvuja damu.

Mganda, Mkenya na Mtanzania

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Ian Bailey alianzisha idara ya upasuaji wa ubongo, na Jovan Kiryabwire, Mganda wa kwanza katika fani hiyo, akaichukua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nairobi ilimpokea Renato Ruberti kutoka Italia mwaka 1967. Alifanya kazi hospitali binafsi huku akisaidia hospitali ya umma ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Gerishom Sande, aliyesomea Belfast, alikuwa Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo. Mwaka 1972 chama cha wataalamu wa sayansi ya mishipa ya fahamu cha Afrika nzima kilizaliwa mjini Nairobi.

Wakati huo vitabu vya tiba vilikuwa vikirudia dai moja: kwamba anurisimu na AVM ni nadra kwa Waafrika. Dai hilo lilitokana na hesabu, lakini hesabu zenyewe zilikuwa na kasoro. Uchunguzi wa maiti ulifanyika kwa wachache, tena hospitalini tu. Angiografia ilikuwa katika miji michache mikubwa. Mgonjwa aliyevuja damu kichwani akiwa mbali na mji alifariki njiani au nyumbani, na hakuingia kwenye daftari lolote. Wataalamu wa Nigeria, Senegal, Afrika Kusini na Kenya walipoanza kuhesabu wagonjwa wao wenyewe, picha ilibadilika. Nairobi, Julius Ogeng'o na wenzake walikusanya kumbukumbu za wagonjwa wa anurisimu na kuzichapisha mwaka 2009. Walionyesha kwamba ugonjwa upo na unawapata watu wa umri wa kufanya kazi. Kipimo kilipofika, wagonjwa walionekana.

Tanzania ilichelewa kidogo. Hospitali iliyoanza kama Sewa Haji mwaka 1897, ikahamia majengo mapya kwa jina la Princess Margaret mwaka 1956, ndiyo iliyokuja kuwa Muhimbili. Ajali za barabarani na majeraha ya kichwa vilifanya upasuaji wa ubongo ukue ndani ya kitengo cha mifupa, na Sheria Na. 7 ya mwaka 1996 ikaunda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, yenye jukumu la mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu. Hadi miaka ya 2000 mabingwa wa upasuaji wa ubongo nchini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na karibu wote walikuwa Dar es Salaam. Mwaka 2006 Dilan Ellegala, daktari wa Marekani, alifika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Manyara, akamfundisha daktari msaidizi Emmanuel Mayegga kufungua fuvu. Ellegala alishikilia kwamba daktari mgeni akiondoka bila kufundisha hajaacha kitu. Wataalamu wa chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York nao wamekuwa wakiendesha mafunzo pamoja na MOI, na mwaka 2014 kituo cha upasuaji wa ubongo kilifunguliwa Mnazi Mmoja, Zanzibar, kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania.

Kuona bila kupasua

Hatua kubwa iliyofuata ilikuwa na mzizi Afrika. Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1924, alikuwa mhadhiri wa fizikia Cape Town alipopewa mwaka 1956 kazi ya muda katika Hospitali ya Groote Schuur, kusimamia tiba ya mionzi. Alitambua kwamba kiasi cha miale inayomezwa na kila sehemu ya mwili kingeweza kukokotolewa ikiwa mwili utapigwa miale kutoka pande nyingi. Hesabu zake zilichapishwa mwaka 1963 na 1964, na kwa miaka kadhaa hazikusomwa na wengi. Godfrey Hounsfield wa Uingereza, bila kumjua Cormack, aliunda mashine yenyewe. Mgonjwa wa kwanza alipimwa London tarehe 1 Oktoba 1971, na mwaka 1979 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Mashine ya CT scan huonyesha damu iliyovuja kichwani ndani ya dakika chache, na MRI iliyoifuata huonyesha kavernoma ambazo hata angiografia haizioni, kwa sababu damu ndani yake inakwenda polepole mno.

Tanzania ilitumia njia mbili kuhesabu viharusi vyake. Katika miaka ya 1990 watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, wakiwahoji ndugu wa marehemu: je, alipooza upande mmoja, ilianza ghafla, alipoteza uwezo wa kusema? Kati ya mwaka 2003 na 2006 utafiti mwingine, ulioongozwa na Richard Walker na wenzake wa Kitanzania, uliwafuatilia watu zaidi ya 200,000 katika Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, kiharusi kiliwapata watu 108.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka kule Hai, na 315.9 jijini. Utafiti huo haukuhesabu AVM, bali uliweka msingi ambao bila huo AVM haiwezi kutafutwa. Daktari anayejua kwamba kiharusi cha mzee mwenye shinikizo la damu huvujia katikati ya ubongo ndiye atakayeshtuka akiona damu imevujia pembezoni mwa ubongo wa kijana wa miaka 25 asiye na shinikizo la damu, na kuagiza mishipa ipigwe picha.

Lini kutibu, lini kuacha

Kadiri mashine zilivyoenea, AVM zilianza kuonekana kwa watu wasio na dalili yoyote, waliopimwa kwa sababu ya maumivu ya kawaida ya kichwa au ajali. Swali likawa gumu: mtu wa aina hiyo apasuliwe?

Mwaka 1986 Robert Spetzler na Neil Martin wa Phoenix, Arizona, walitoa kipimo chepesi ambacho bado kinatumika. Fundo lisilofika sentimita 3 hupata alama 1, la sentimita 3 hadi 6 alama 2, na linalozidi hapo alama 3. Alama moja huongezwa likiwa kwenye eneo la ubongo linalosimamia usemi, mwendo, hisi au kuona, na nyingine likitoa damu kwenye vena za ndani. Jumla ya alama ndiyo daraja la fundo: daraja la 1 na la 2 hupasuliwa kwa usalama wa kuridhisha, na la 4 na la 5 mara nyingi huachwa. Kule Finland, wagonjwa 160 wenye dalili ambao hawakupasuliwa walifuatiliwa kwa wastani wa miaka karibu 24, na ripoti ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba hatari ya kuvuja damu ilikuwa takribani asilimia 4 kila mwaka. Kwa kijana mwenye miaka mingi mbele yake, asilimia hiyo hurundikana.

Jaribio lililoitwa ARUBA lilichukua wagonjwa 223 kutoka nchi 9 ambao AVM zao hazijawahi kupasuka, likawagawa kwa kura: wengine walitibiwa dalili tu kwa dawa, wengine waliongezewa upasuaji, kuzibwa mishipa au mionzi. Lilisimamishwa mwaka 2013 kabla ya muda wake. Katika ufuatiliaji wa karibu miezi 33, kiharusi au kifo viliwapata asilimia 10.1 ya walioachwa na asilimia 30.7 ya waliotibiwa fundo lenyewe. Wapasuaji wengi walilipinga, wakisema muda ulikuwa mfupi mno kwa ugonjwa wa maisha na kwamba waliopasuliwa tu walikuwa wachache. Mjadala huo bado unaendelea. Hata hivyo ARUBA iliweka wazi kwamba kuliona fundo si sababu ya kutosha ya kuligusa. AVM iliyokwisha kuvuja ni habari tofauti, kwa sababu hatari ya kuvuja tena huongezeka, na huyo ndiye mgonjwa ambaye hospitali za Afrika Mashariki humpokea mara nyingi zaidi.

Jeni

Chanzo chenyewe kilianza kujulikana kupitia familia. Katika ugonjwa wa Osler, Weber na Rendu, ambao wenye nao hutokwa damu puani mara kwa mara na wengine huwa na AVM kwenye mapafu na ubongo, jeni ya kwanza ilipatikana mwaka 1994 na ya pili mwaka 1996. Kavernoma za kurithi zilifuatia: jeni ya KRIT1 mwaka 1999, kisha nyingine mbili mwaka 2003 na 2005. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwa panya kwamba bakteria wa utumbo huchochea kukua kwa kavernoma.

Lakini AVM nyingi hazimo katika familia. Jibu kuhusu hizo lilitoka Januari 2018, pale watafiti wa Toronto na wenzao walipochunguza tishu za AVM zilizotolewa kwa upasuaji katika Kanada na Finland. Kati ya sampuli 72, sampuli 45 zilikuwa na badiliko katika jeni ya KRAS, ilhali damu ya wagonjwa haikuwa nalo. Maana yake ni kwamba badiliko lilitokea katika seli chache za mishipa baada ya mimba kutungwa, na halikutoka kwa baba wala mama. Ugunduzi huo una uzito wa pekee pale ambapo ugonjwa wa kichwa huleta mashaka ndani ya ukoo. AVM ya aina hii hairithiwi, haiambukizi, na hakuna aliyeisababisha. Kwa kuwa KRAS inajulikana sana katika saratani, dawa zilizotengenezwa kuzuia njia yake sasa zinajaribiwa kwa AVM, na dawa za kavernoma, zikiwemo propranolol na atorvastatin, nazo zimeingia katika majaribio. Mwezi Machi 2023, madaktari wa Boston waliitibu kasoro ya mshipa wa Galen mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, kwa kupitisha sindano hadi kwenye fuvu lake na kuiziba kwa nyuzi za platini.

Kutoka Kumsenga hadi MOI

Mwanzoni mwa miaka ya 2020 MOI ilifunga mtambo wa angiografia, na wagonjwa ambao zamani walipelekwa India wakaanza kupigwa picha za mishipa na kuzibwa mishipa Dar es Salaam bila kufunguliwa fuvu. Katika kipindi hichohicho serikali ilipeleka mashine za CT scan katika hospitali za rufaa za mikoa, Maweni ya Kigoma ikiwemo. Mabadiliko hayo mawili ndiyo makubwa zaidi kwa watu wa nyanda za juu. Mgonjwa wa Kumsenga huanzia zahanati, hupelekwa Hospitali ya Wilaya ya Kibondo, kisha Maweni, na kutoka hapo Hospitali ya Bugando mjini Mwanza au MOI, safari ambayo hadi Dar es Salaam inazidi kilomita 1,000. Zamani jibu la kwanza, kwamba kichwani kuna damu, lilipatikana mwishoni mwa safari hiyo. Sasa linaweza kupatikana ndani ya mkoa, na picha ikasomwa na bingwa aliye mbali kabla mgonjwa hajasafirishwa.

Yapo yaliyobaki. Mganga wa zahanati anahitaji kufundishwa kwamba kifafa kinachoanza ukubwani na kiharusi cha kijana hupewa rufaa na havisubiri. Gharama ya angiografia na ya nyuzi za platini bado inazidi uwezo wa mkulima wa mahindi na maharage, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa kwa jinsi itakavyobeba matibabu ya aina hii. Katika utafiti, pengo ni la takwimu na sampuli. Ugunduzi wa mwaka 2018 ulitegemea tishu za wagonjwa wa Kanada na Finland, na haijulikani kama uwiano wa mabadiliko ya KRAS ni huohuo Afrika Mashariki. Vitu vya kulijibu swali hilo sasa vipo: fundo linalotolewa katika chumba cha upasuaji cha MOI laweza kuhifadhiwa na kuchunguzwa jeni zake, na wagonjwa waandikwe katika daftari moja la kitaifa pamoja na umri, wilaya, picha na matokeo ya kila mmoja. Dai kwamba kasoro hizi ni nadra kwa Waafrika lilidumu kwa sababu wagonjwa hawakuhesabiwa. Daftari la namna hiyo litaonyesha ni wangapi kweli, wanatoka wapi, na ni tiba ipi inayowafaa.